Idd Niliyotumwa kwa Zaituni

Nyumba ya Bi Somoe kule Narung'ombe imeanguka masika haya. Nilipita hapo wiki mbili zilizopita kwa bodaboda, naenda kupima watoto sare za shule, nikamwambia dereva asimame. Umebaki ukuta mmoja wa chumba cha uani, na bado una rangi ya bluu tuliyoipaka mimi na binti yake Zaituni tulipokuwa na miaka kumi na saba, mpaka pale mikono yetu ilipofika, juu yake udongo mtupu. Dereva akaniuliza, "Dada, hapa kwa ndugu zako?" Nikamwambia hapana, kwa mtani wangu. Akacheka, maana watu wakisikia neno mtani hucheka hata kabla hujasema kitu, akaanza kunichokoza kwamba labda ni mimi niliyeusukuma ule ukuta. Mimi, ambaye soko zima la Nachingwea linanijua kwa mdomo, nilikosa neno la kumrudishia kijana wa bodaboda. Niliporudi nyumbani nikachukua daftari ninalochorea mitindo ya magauni, nikaanza kuandika nyuma yake. Elimu yangu ni darasa la saba na kozi ya ushonaji ya miezi sita, na umri wangu ni miaka ishirini na tisa, si umri wa mtu kuandika kumbukumbu. Lakini Bi Somoe alikuwa akituambia kila siku kwamba atatusimulia mambo yake tukishakuwa wakubwa, na hakutusimulia.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa na cherehani ya kukodi kwenye baraza ya duka la vitenge, na kichwani nilikuwa na duka langu mwenyewe, lenye kioo kikubwa na sanamu mbili za plastiki zilizovaa nguo nilizozibuni mimi. Niliamka na duka hilo, nikalala nalo. Zaituni alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia kwenda Dodoma, kupika chakula cha mchana kwa mafundi wanaojenga kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, na kila Ijumaa alinitumia sauti kwenye simu akinieleza wanawake wa wizarani wamevaa nini. "Mwana, leo nimeona suti ya zambarau, mabega yamesimama kinoma. Njoo huku acha kushonea watu kaptula." Nilicheka, nikachora. Sikuwahi kuona suti hata moja kati ya hizo, lakini daftari langu lilijaa.

Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, na mimi sijui kilichoanzisha. Ninachojua ni kwamba Zaituni akinikuta nimelala huniuliza nimekufa saa ngapi, ili awahi kuchukua godoro. Msiba ukitokea kwao, mimi ndiye wa kujilaza mlangoni jeneza lisipite mpaka nipewe chochote. Mimi ndiye wa kuiga marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikohoa, na waliokuwa wakilia wajikute wanacheka. Naweza kunyakua sahani ya wali mkononi mwa mtu, nikala bila kunawa, na hakuna wa kununa. Mtani hakaribishwi, anajichukulia. Na habari mbaya ya kweli, kwa watu wa kwetu, ni mtani anayepelekwa nayo. Huanza na mzaha, mwenzake akajibu, wakacheka, halafu katikati ya kicheko anabadilisha uso. Ukibadilika ule uso, mtu anajua. Niliwaona wakubwa wakifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, na nilidhani ni jambo rahisi.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani nilikwenda kumwangalia Bi Somoe, mama yake Zaituni. Alikuwa amelala kwenye kile chumba cha bluu, miguu imevimba inang'aa, pumzi anaivuta kama anavuta kamba kisimani. Hospitali walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani, na kila mtu alielewa maana ya ruhusa ile. Pembeni ya kitanda alikaa Minza, jirani yao Msukuma, ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe miaka michache kabla. Ng'ombe hao walikuwa wamekula shamba la mbaazi la Bi Somoe, pakawa na maneno mpaka kwa mtendaji, na sasa ni huyo huyo Minza aliyemletea maziwa kila asubuhi na kumgeuza ubavu. Nilipoingia, Bi Somoe akafungua jicho moja.

"Mtani, umekuja kunipima sanda?"

"Nimekuja, ila kwa miguu hiyo kitambaa hakitoshi. Itabidi tukuzike nusu."

Alicheka mpaka akapaliwa, Minza akamwinua na kunitazama vibaya, kwa sababu utani wetu ulikuwa haujamwingia. Kikohozi kilipotulia Bi Somoe akanishika mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, mambo mazito aliyasema kwa Kimwera, lugha ya kwetu, lakini siku ile alisema kwa Kiswahili, polepole, labda ili na Minza asikie.

"Nenda kaniletee Zaituni."

"Nimpigie sasa hivi, bibi."

"Usipige. Ukimwambia kwa simu mama anaumwa, njoo, atajua nimeshakufa. Nyie ndivyo mnavyopigiana. Mtu yuko kaburini, simu inasema anaumwa kidogo. Sitaki mwanangu anililie njia nzima na mimi nahema. Nenda wewe, akuone uso."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Mjomba Rashidi, kaka yake Bi Somoe, alinitafutia nauli kabla ya futari, na alfajiri ya Alhamisi nikawa kwenye basi. Nitasema ukweli hapa, maana nisipousema sina sababu ya kuandika: nilikuwa na furaha. Nilisikitika kwa ajili ya Bi Somoe, nililia hata, lakini chini ya machozi kulikuwa na sikukuu. Nilikuwa naenda Dodoma kwa mara ya kwanza. Nilibeba furushi la ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, kwa sababu Zaituni aliwahi kusema huko hakuna anayeijua, na nilibeba daftari langu. Nikalala kwa shangazi Mbagala, na Ijumaa mchana nikateremka Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, upepo wa vumbi ukanifungua mtandio.

Chumba cha Zaituni kilikuwa cha mwisho kwenye nyumba ya mama mmoja Mgogo anayeitwa Mama Yona. Godoro chini, ndoo mbili, jiko la mkaa mlangoni, na nguo zote kwenye kamba moja iliyokata chumba katikati. Alikuwa amekonda. Ukisikia sauti yake kwenye simu ungedhani ni mtu aliyenenepa. Aliponiona akaangusha mwiko.

"Wewe marehemu! Nani kakufukua?"

Nikaona huu ndio wakati. Nikafanya kama nilivyowaona wakubwa. "Nimekuja kukuchukua," nikasema. "Mama yako anakufa. Funga mzigo."

"Mama yangu? Yule hafi, anasubiri akuzike wewe kwanza arithi cherehani." Akanikumbatia, akanirusha juu na mwili wake ule mwembamba, akapiga kelele, "Mama Yona! Njoo uone Mmwera wangu!" Na mimi nikacheka. Sasa ilinibidi kubadilisha uso, lakini alikuwa ameshika mashavu yangu kwa mikono miwili, macho yake yamejaa maji ya furaha, akawa anasema, "Sijaona mtu wa kwetu mwaka mzima. Mwaka mzima, Mwanaidi." Nikajiambia, ale kwanza. Nitamwambia tukishafuturu.

Tulifuturu ming'oko kwa chai. Alikula akiwa amefumba macho. Mama Yona akaonja, akasema inafanana na kamba ya katani, tukacheka tena. Halafu Zaituni akatoa kwenye mfuko wa nailoni aproni nyeupe iliyopigwa pasi, akaining'iniza kwenye msumari ukutani, akarudi nyuma kuitazama kama mtu anayetazama picha ya bwana harusi. Mgahawa mmoja pale Mtumba ulikuwa umemchukua. Si wa mafundi tena, wa maofisa, wenye meza za vioo. Anaanza Jumatatu. "Mshahara wa kwanza, namleta mama huku," akasema. "Kuna madaktari wa miguu. Nimeshauliza." Alikuwa anajua kuhusu miguu. Alidhani ni ile miguu ya mwaka jana.

Idd ikawa Jumamosi. Tuliswali, tukapika pilau kwenye sufuria la Mama Yona, mwenyewe akaja na mlenda wake ili, alisema, sikukuu isikae na Waislamu peke yao. Mchana Zaituni akanipeleka kuona mji. Tulipita mbele ya bunge, askari akatukataza kupiga picha pale tuliposimama, Zaituni akamwambia, "Afande, huyu ni waziri mpya wa kaptula, hujatangaziwa?" na askari akageuka pembeni ili asionekane anacheka. Tukanunua zabibu barabarani, tukala zikiwa na vumbi lake. Kule Mtumba majengo ya wizara yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu, vioo vyote vina mawingu ndani, nikasimama nikajiona nimeshika futi ya kupimia, wanawake wamepanga foleni. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko nilivyomfikiria Bi Somoe siku ile nzima. Nimejisamehe mengi ya umri ule, lakini hilo la mbele ya vioo bado.

Tulipokuwa tunarudi nilijaribu mara ya pili. Nikasema, "Zai, mama anaumwa kweli. Amenituma." Na machozi yakanitoka pale pale barabarani. Zaituni akasimama, akanitazama kwa makini, halafu akapiga makofi. "Aisee, mtani! Safari hii umejifunza mpaka kulia!" Kwa sababu mtani hulia pia. Kwenye misiba tunajipaka majivu na kulia kwa sauti kubwa kuliko wafiwa, na yeye aliwahi kuniona nikilia hivyo kwenye msiba wa babu yake mpaka imamu akashika mbavu. Nikajifuta. Nikajikuta natabasamu. Sijui kwa nini uso wangu ulitabasamu, nafikiri ulizoea.

Jumapili asubuhi ndipo jambo lilipoamuliwa. Basi langu lilikuwa la saa tatu. Nilikuwa nakunja mtandio, Zaituni ametoka kununua maandazi, na upande wa pili wa ukuta nikamsikia Mama Yona akiongea na simu, anasema kwa sauti ile ya watu wanaoamini simu haisikii vizuri. "Kesho anaanza, binti yangu wa kule Kusini. Walikwenda wengi, wamechukua wawili. Kaambiwa asipotokea siku ya kwanza, nafasi wanampa mwingine, hakuna kusubiriana. Ee, namshukuru Mungu, alikuwa analala na njaa huyu, anajidai amekula kazini. Mimi naona sufuria lake kavu." Nilisikia kila neno. Zaituni akaingia na maandazi manne, akanipa matatu.

Tulikaa kwenye godoro tukinywa chai ya rangi. Nikamwita kwa jina lake kamili, jina la shuleni. Nikamwambia, bila mzaha, bila machozi, kwamba mama yake yuko chumba cha uani, kwamba anavuta pumzi kwa shida, kwamba amesema nimpeleke. Safari hii hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Mwanaidi."

"Naam."

"Sema wallahi."

Sisi tunatania kila kitu, vifo, maradhi, wakwe, mpaka kaburi. Lakini jina la Mungu halitaniwi, mtani akiapa basi utani umekwisha na neno limesimama. Ilikuwa neno moja. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Na nyuma ya kichwa chake niliiona ile aproni kwenye msumari, nyeupe, mikanda yake imekunjwa vizuri, na nikaliona sufuria kavu, na nikafikiri: Bi Somoe ana moyo mgumu, amelala hivyo kwa mwezi mzima. Atasubiri wiki moja. Zaituni aanze kazi, wamzoee, Jumamosi ijayo aombe ruhusa. Niliona kabisa, kama nilivyoliona duka langu, Zaituni anateremka Narung'ombe na zawadi, mama yake anakaa kitandani. Mimi nilikuwa na kipaji cha kuona vitu hivyo.

"Nakutania bwana," nikasema.

Akavuta pumzi ndefu, akanipiga kofi la bega lililouma kweli. "Mshenzi wewe! Utakuja kuniua." Akacheka. Akanisindikiza mpaka kwenye basi, akanipungia mkono mpaka basi likakata kona.

Nilifika Narung'ombe Jumanne asubuhi. Minza alikuwa amefagia uwanja na kutandika mkeka mpya, maana Bi Somoe alikuwa amemwambia wageni wanakuja. Niliingia chumbani peke yangu. Alitazama nyuma yangu, kwenye mlango, akautazama muda.

"Yuko wapi?"

"Anakuja Jumapili, bibi. Amepata kazi nzuri. Anaomba ruhusa."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Alikuona uso?"

Nikasema ndiyo. Akaniambia basi ni vizuri, na akaniomba nimgeuze alale akielekea mlangoni. Jioni ile niliandika ujumbe kwenye simu, nikaufuta, nikaandika mwingine. Ningesema nini? Kwamba juzi nilisema nakutania lakini hapo ndipo nilipokuwa nakutania? Nikasema kesho. Kesho yake, Jumatano, kabla ya adhuhuri, Bi Somoe akafa, uso umeelekea mlangoni, na Minza ndiye aliyemfumba macho.

Mjomba Rashidi alipiga simu mbele ya wazee, ameifungua sauti. Akasema kama watu wote wanavyosema. "Zaituni, mwanangu, mama anaumwa kidogo. Njoo." Tukasikia vyombo vinagongana huko jikoni kwake, halafu tukamsikia anacheka. Alicheka kile kicheko chake cha kufunga macho, najua alifunga macho.

"Mjomba, na wewe? Mwanaidi kawafundisha wote? Mwambieni hiyo nimeshaisikia, atafute nyingine. Niko kazini, nitapiga baadaye." Akakata.

Mjomba akaitazama simu, halafu akanitazama mimi, na nikaona anaelewa taratibu, kama mtu anayesoma barua ndefu. "Ulimwambiaje?" akaniuliza. Akapiga tena, akaninyooshea simu, mkono wangu haukunyanyuka. Ndipo Minza, ambaye hana ukoo wowote unaotaniana na mtu yeyote pale, akaichukua. Kiswahili chake kilikuwa kigumu kama changu kwenye karatasi hii. Akasema, "Zaituni. Mimi Minza, jirani. Mama amekufa leo. Wanamzika alasiri." Halafu akaishikilia ile simu mbali kidogo na sikio lake, na uwanja wote tukasikia.

Walizika alasiri. Hakuna aliyejilaza mlangoni. Watu walinitazama jeneza lilipotoka, wakisubiri, hata watoto walikuwa wamesogea mbele waone nitafanya nini, na mimi nilisimama karibu na mapipa ya maji kama mtu wa kukodi. Jeneza likapita kirahisi tu, na nilisikia mama mmoja akiuliza mwenzake kwa chini, "Kwani marehemu hana watani?"

Zaituni alifika Ijumaa, siku ya tatu, wakati watu wanakula. Alikuwa na mfuko mmoja wa nailoni. Alilia kwa shangazi zake, kwa mjomba, kwa Minza ambaye alimshika muda mrefu kuliko wote, akapelekwa kaburini, akarudishwa. Mjomba alitaka kusema jambo mbele za watu, akaanza, "Huyu Mwanaidi tulimtuma," na Zaituni akamkatiza kwa upole. "Alikuja, mjomba. Alifika." Basi. Kazi ile ya mgahawa, nilikuja kusikia kwa Minza miezi mingi baadaye, walimpa mwingine siku ile ile alipoondoka.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya mkeka na wanawake wengine. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimeomba usiku mzima anitukane, anipige, anivue kanga mbele ya watu, kwa sababu mtu akikutukana bado ana jambo na wewe. Nilimwona anachukua birika la maji na beseni, anapita kwa wageni mmoja mmoja. Aliponifikia akapiga magoti. Mtani hanawishwi, kila aliyekuwa kwenye mkeka ule alilijua hilo. Akanimiminia maji mikononi, taratibu, kidole kwa kidole, kama unavyomnawisha mtu aliyetoka mbali usiyemjua kwao. Akanipa sahani kwa mikono miwili.

"Karibu chakula, dada," akaniambia. "Pole na safari. Asante kwa kuja kutuzikia."

Nikasema asante. Nikala.